Uzi wa Sufu Uliotiwa Rangi kwa Mkono: Upi Ununue Ukiwa Unguja au Pemba

Uzi wa sufu uliotiwa rangi kwa mkono ni ghali kuliko akriliki iliyojaa madukani kwetu, na mara nyingi hulazimu kumwagizia mtu anayesafiri, bila ya mnunuzi kuugusa kwanza. Kwa hivyo nimeupanga kwa kigezo kimoja tu, nacho ni hali ya hewa yetu. Vazi la sufu hapa huvaliwa usiku wa kipupwe, ndani ya boti ya asubuhi au katika ofisi yenye kiyoyozi, au hufungwa katika sanduku la kijana anayekwenda kusoma Iringa au Uturuki.

Nafasi ya kwanza naipa merino, yaani sufu laini ya kondoo wa jina hilo, nyembamba iliyosokotwa kwa nyuzi mbili au zaidi, yenye takriban mita 400 katika gramu 100. Mfano mzuri ni Malabrigo Sock ya Uruguay, ambayo ni merino tupu yenye mita 402 kwa kicha cha gramu 100. Kicha kimoja kinatosha shali ndogo ya pembe tatu, na hilo ndilo vazi la sufu ninalolipendekeza kabla ya jengine lolote, kwa sababu linavulika na kukunjwa mkobani jua linapopanda. Sufu hunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla ya mvaaji kuhisi majimaji, kwa hivyo shingo yenye jasho huivumilia kuliko akriliki. Chagua mfumo wa kawaida usio na matundu mengi, maana rangi ya mkono hubadilika kila baada ya sentimita chache na urembo mwingi huifunika. Uzi wa namna hii kwa kawaida umetiwa dawa inayofunika magamba madogo ya sufu ili usigandamane unapofuliwa, lakini dawa hiyo huufanya urefuke unapolowa. Fuma kwanza kipande cha majaribio, kioshe, kilaze kikauke, ndipo ukipime.

Ya pili ni merino iliyochanganywa na nailoni, kwa kawaida asilimia 75 kwa 25. Hii ni ya soksi, kwani nailoni huzuia kisigino kuchakaa upesi.

Nafasi ya tatu ninaipa sufu isiyotiwa dawa wala rangi, kwa mfano ya kondoo wa Corriedale wanaofugwa katika nyanda za juu za Kenya, na ninaipenda kwa sababu rangi unaitia mwenyewe kwa vitu vya hapa hapa. Chemsha uzi polepole katika maji ya shabu ili rangi ishike, kisha uuhamishie katika maji ya majani ya mkungu, hina au gome la mkoko, ambalo hutoa kahawia yenye wekundu. Bizari ya manjano hupendeza sana siku ya kwanza, lakini jua huipausha, hivyo usiitegemee. Usiuchukue uzi kutoka maji ya moto ukautumbukiza katika ya baridi huku ukiufikicha, kwani utagandamana. Sufu hii hukwaruza kidogo; ifumie kofia ya baridi, mkoba au foronya ya mto wa sebuleni, usimvishe mtoto mchanga.

Mohair, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora, iliyochanganywa na hariri inafuata. Afrika Kusini ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha mohair, na uzi wake ni mwepesi ajabu, lakini manyoya yake hunata katika ngozi yenye jasho na kuufumua ukikosea ni adhabu. Mwisho kabisa nauweka uzi mnene wa msokoto mmoja, ambao huota vidonge vya manyoya juu yake upesi. Sweta la mtu mzima hutaka zaidi ya mita 1,000, yaani vicha vitano au sita vya unene wa wastani. Usiingie gharama hiyo isipokuwa mvaaji anahamia kwenye baridi.

Kabla ya kulipa, choma ncha ya uzi: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni, ilhali akriliki huyeyuka na kuwa kijidonge kigumu. Kisha bana uzi ndani ya kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikishika wekundu au buluu, uzi huo unachuja, na hautafaa kufumwa pamoja na mweupe. Nunua vicha vyote kwa mara moja, kwa kuwa havifanani hata vikitoka sufuria moja, na fuma kwa kupokezana vicha viwili kila baada ya mistari miwili ili tofauti isionekane kama kiraka.

Uzi unaosubiri kufumwa uufunge katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Karafuu huunukisha vizuri, lakini haziui mayai ya nondo. Ukiona tundu, uweke mfuko huo katika friza kwa wiki mbili.