Aladdin ya Sega: safari hii sitoi pedi

Kwenye banda la gemu mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, sheria ilikuwa moja: ukifa, toa pedi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea. Shilingi hamsini yako ilikununulia yale maisha machache unayoanza nayo, basi. Yakiisha unampisha mwenzio, hata kama ndiyo kwanza umefika mahali ambapo hakuna mtoto wa mtaa aliyewahi kufika. Mwenye banda hakuwa na huruma. Alikuwa anabonyeza kuanzisha upya kabla hujainuka kwenye benchi.

Ndiyo maana mpaka mwezi uliopita, mtu mzima na ndevu zangu, sikuwa nimewahi kupambana kwa mikono yangu na Jafari, yule mchawi mwovu wa mwisho kwenye gemu ya Aladdin. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, tena kwa kuchungulia begani kwa kaka mmoja wa barabara ya kumi na tatu.

Nimenunua ule mkusanyiko uliotoka mwaka 2019, wa mashine ya PS4, wenye gemu za Aladdin na The Lion King pamoja, ulioandaliwa na Digital Eclipse. Simba nitamwacha, ana kesi yake peke yake. Hapa naongelea Aladdin, ile ya mashine ya Sega ya mwaka 1993, iliyotokana na filamu ya Disney ya mwaka 1992. Hadithi yenyewe wengi wetu pwani tuliijua kutoka Alfu Lela Ulela kabla hatujaiona filamu, na jini hatukuwa na haja ya kuelezwa ni kitu gani.

Kilichokuwa kinatujaza nyuma ya lile benchi ni jinsi watu wa mle ndani wanavyotembea. Gemu nyingine zilikuwa na vibonge vinavyoruka kama vimefungwa kamba. Hii, wachoraji wa Disney wenyewe walichora mienendo kwa mkono kwenye karatasi, kisha timu ya Virgin Games chini ya David Perry ikaiingiza kwenye gemu, na bado inaonekana hivyo leo kwenye TV kubwa. Askari ukimpiga, suruali inamdondoka anabaki na chupi. Mwingine anakufukuza mpaka kwenye makaa ya moto, anaanza kurukaruka mguu huu mguu ule huku akilalama. Na ngamia wa sokoni, ukimrukia mgongoni, anatema, na alichotema kinamwangusha adui aliye mbele yako. Watoto wa mtaa unaoitwa Ngamiani tulimchukulia ngamia yule kama ndugu.

Silaha ni mbili, upanga na matufaha. Matufaha unayaokota njiani na yana mwisho, kwa hiyo bahili anatumia upanga. Raha yangu kubwa ni yule mtu anayerusha visu: ukichapa upanga kwa wakati wake, kisu kinapanguliwa hewani. Uhai wako unauona kwenye moshi unaotoka kwenye taa kule juu ya skrini. Moshi ukipungua, anza kuomba.

Sasa lawama. Kuna mahali unatakiwa kuruka chini bila kuona unakotua, na upanga wakati mwingine unampita adui ambaye ungeapa umemgusa. Kwenye mkusanyiko huu wameweka toleo lililorekebishwa, ambamo kamera inakuonyesha mbele zaidi na kasoro kadhaa zimenyooshwa. Anza na hilo. La asili lipo pia, kwa wenye kiburi.

Ila steji ya zulia haikurekebishika. Unatoroka kwenye pango la maajabu juu ya zulia linalokwenda kasi, mawe yanakuja, mkono unakuelekeza juu au chini, na ukishauona umeshachelewa. Hapo hakuna ufundi, ni kukariri tu kama jedwali la kuzidisha. Hamsini ngapi zimekufia pale, Mungu anajua.

Na hapa ndipo tulipogombana na mpwa wangu, mwenye miaka kumi na mmoja. Mkusanyiko una kitufe cha kurudisha nyuma: ukigonga jiwe unakishikilia, gemu inarudi sekunde kadhaa, unajaribu tena. Unaweza hata kumwangalia mchezaji stadi akicheza mwanzo mpaka mwisho, kisha ukadakia popote unapotaka. Mimi nikasema huo ni wizi. Yeye akaniuliza, "Mjomba, kwani nani anakudai?"

Nikakosa jibu. Nikajaribu kwa heshima usiku mzima, bila kurudisha nyuma, na nikagundua jambo ambalo banda lilinificha: gemu yenyewe ni fupi. Ukiijua, unaimaliza ndani ya saa moja. Ugumu ule ulikuwa unairefusha. Usiku wa pili nikakubali kutumia kile kitufe, ila kwenye zulia tu. Mpwa alinisikia nikijiwekea sharti hilo, akacheka mpaka akakaa chini.

Ushauri mmoja kabla hujailaumu gemu: weka TV kwenye hali ya gemu (game mode), isichelewesha picha. Siku ya kwanza kila nikiruka Aladdin alikuwa anachelewa, nikadhani nimezeeka. Pedi yangu nayo, niliyouziwa kama mpya kwenye duka moja Kariakoo, inavuta kushoto yenyewe, kwa hiyo nilihamia kwenye vitufe vya mishale. Gemu ya zamani inavipenda zaidi.

Jafari nilimfikia Jumamosi baada ya isha. Kwanza anakuvuta kwake kwa nguvu za fimbo, huku wewe unarudi nyuma na kumrushia matufaha. Halafu anageuka nyoka, moto unaanza kutambaa kwenye majukwaa. Mikono ilikuwa inatoka jasho. Nilibakiwa na moshi kidogo sana, nikaruka kuukwepa moto, nikatua juu yake.

Na kabla sijawaza lolote nikawa nimeshanyoosha mkono, nampa mpwa wangu pedi.

Akaipokea, akashikilia kitufe mpaka Aladdin akarudi hewani, akanirudishia. "Cheza, mjomba."