Kutoka Watamu hadi Korongo la Marafa kwa Gari: Maoni Yetu

Barabara ya Mombasa hadi Malindi husifiwa kwa sababu ya fukwe zake, lakini mimi na mume wangu tuliifuata kwa ajili ya mawe, na tunaipendekeza kwa moyo wote kwa wanandoa wanaopenda kutazama jambo moja kwa muda mrefu.

Fikeni Watamu asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Visiwa vidogo vilivyo karibu na ufuo ni mabaki ya miamba ya matumbawe iliyojengwa na viumbe hai wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, na kwa kuwa mawimbi huila miamba hiyo upande wa chini, vimebaki na umbo la uyoga. Jiwe la aina hiyohiyo ndilo lililojengewa kuta na misikiti ya Gede, mji wa kale wa Waswahili ulio karibu na Watamu, kwa hiyo magofu hayo yanafaa kutembelewa saa za jua kali, kwani miti yake mikubwa ina kivuli cha kutosha.

Baada ya Malindi mtavuka mto Sabaki, unaomwaga baharini maji mekundu ya udongo kutoka bara, kisha mtaiacha pwani kuelekea Marafa. Korongo la huko, ambalo Wagiriama huliita Nyari, ndilo kilele cha safari. Mvua na upepo vimechonga mawe laini ya mchanga yakawa nguzo na kuta zenye matabaka meupe, ya waridi, ya machungwa na mekundu, na mmomonyoko huo ungali unaendelea, kiasi kwamba kila msimu wa masika huondoa sehemu nyingine ya ukingo.

Mwongozaji wa kijijini aliyetuteremsha anastahili sifa. Alitusimulia hekaya ya familia tajiri iliyooga maziwa hadi Mungu akaiadhibu kwa kuididimiza ardhini, ndipo weupe ukawa maziwa na wekundu ukawa damu; kisha akatuonyesha mifereji ya mvua bila kuyachanganya mambo hayo mawili. Mume wangu, ambaye kwa kawaida hana subira na waongozaji, ndiye aliyeuliza maswali mengi zaidi.

Upungufu ni joto, kwani bondeni hakuna kivuli, na vumbi tulilolikuta njiani. Ingieni baada ya saa kumi alasiri, rangi zinapokolea, mkiwa na maji ya kunywa na viatu visivyoteleza. Asiyeweza kuteremka ataona mengi akiwa ukingoni, lakini ukubwa wa kuta hizo huonekana vizuri kutoka chini.