B20 kwenye pikapu yangu Minnesota: kiangazi safi, Desemba nikavutwa

Naishi Minnesota, jimbo la baridi kali kaskazini mwa Marekani. Mwisho wa Septemba 2022 nilijaza tangi la pikapu yangu hadi juu kwa B20, yaani dizeli yenye asilimia 20 ya biodizeli, nikaiegesha nyuma ya nyumba, nikaenda zangu Tanga kwenye harusi ya mdogo wangu. Nilijiona mjanja, maana tangi likijaa unyevu hukosa pa kukaa. Narudi wiki ya pili ya Desemba, nakuta Minneapolis ni nyuzi -18 za Selsiasi asubuhi. Nikawasha gari, likaitika hapo hapo. Nikatoka, nikapita mitaa miwili, likaanza kukohoa, nguvu ikaisha, likazimikia kwenye taa za barabarani na watu wakinipigia honi.

Huko kuitika kwanza ndiko kunakodanganya watu. Mafuta kidogo yaliyokwisha kupita kwenye filta yanatosha kuwasha injini. Yakiisha, filta imeshazibwa na nta ya mafuta yaliyoganda, hakuna kinachopita tena.

Likavutwa hadi gereji ya fundi mmoja Msomali aliyekulia Eastleigh. Kabla hata ya kufungua boneti akaniuliza, "Mzee, haya mafuta uliweka lini?" Nikamwambia Septemba. Akacheka mpaka akashika meza. "Basi umeleta mafuta ya jua kwenye theluji."

Alikuwa na haki ya kucheka. Minnesota inalazimisha kwa sheria biodizeli ichanganywe kwenye dizeli ya magari. Walianza na asilimia 2 mwaka 2005, wakapanda hadi 5 mwaka 2009, na tangu 2018 ni asilimia 20 miezi ya joto, ndiyo hiyo B20. Ikifika Oktoba wanarudi kwenye B5, ya asilimia 5, hadi Machi. Sheria inajua kuna baridi. Mimi ndiye niliyekaa na tangi zima la B20 nikaliamsha Desemba.

Mtu wa pwani hahitaji somo refu hapa. Chupa ya mafuta ya nazi mwezi wa saba alfajiri huganda nyeupe, na ya alizeti iliyo kando yake haina habari. Biodizeli ni mafuta ya mimea au ya wanyama yaliyopikwa na methanoli na kichocheo, gliserini ikatolewa, lakini asili ya mafuta yale haipotei. Ya soya, ambayo ndiyo mengi huku, huanza kufanya ukungu, dalili ya kuganda, karibu na nyuzi 0. Ya shahamu ya ng'ombe huanza mapema zaidi, kwenye nyuzi kumi na kitu juu ya sifuri, na ya mawese hayako mbali na hapo. Ukiyachanganya na dizeli ya kawaida, unapata kitu cha katikati. Ndiyo maana B5 haijanisumbua hata siku za -29, ila B20 ya kiangazi ilinilaza njiani.

Dawa yake ilikuwa gari kulala gerejini kwenye joto usiku kucha, filta mbili mpya (injini hii ina moja chini kwenye chesisi na nyingine juu), kisha kuongezewa dizeli namba 1, ile nyepesi inayostahimili baridi kali. Filta ya zamani nilionyeshwa: imejaa uji mweupe kama samli iliyoachwa dirishani. Na msije mkategemea ile hita ya injini ya kuchomeka kwenye umeme. Yangu ilikuwa imechomekwa usiku mzima! Inapasha injini tu, tangi linabaki nje na baridi yake. Dawa za kuzuia mafuta yasigande nazo hutiwa kabla hayajaanza kuganda. Yakishakuwa uji, umechelewa.

Sasa niitendee haki B20. Gari ni Ford F-250 ya 2014, dizeli ya lita 6.7, na kitabu chake kinaruhusu hadi B20. Kiangazi sina ugomvi nayo hata kidogo. Dizeli ya siku hizi iliyotolewa salfa ni kavu, na biodizeli hata kidogo inairudishia ulaini unaolinda pampu na nozeli. Moshi wa nje unanukia kibanda cha chipsi, mke wangu anasema unamtia njaa. Ulaji wa mafuta: B20 ina nguvu pungufu kwa asilimia 1 au 2 hivi kwa galoni, nami kwa maili zangu 15 kwa galoni siwezi kuapa kwamba nimeliona pengo hilo.

Kilichonisumbua kiangazi ni mwaka wa kwanza tu. Gari nililinunua Montana, lilikuwa limezoea dizeli tupu. Biodizeli husafisha kama sabuni, ikakokota uchafu wote wa miaka kutoka kwenye tangi na kuupeleka kwenye filta. Filta ilikufa baada ya maili 3,000 hivi. Niliyoweka baadaye imemaliza muda wake bila neno. Mwenye gari la zamani zaidi aangalie na mipira ya mafuta, kwa sababu mchanganyiko ukiwa na biodizeli nyingi mpira wa kale hulegea na kuvuja. Pia biodizeli huvuta maji kuliko dizeli tupu, hivyo mimi humwaga maji ya filta ya chini kila mwezi.

Kiangazi naipa nyota nne na nusu. Baridi sina nyota ya kuipa, maana kosa lilikuwa langu. Siku hizi nikisafiri mwisho wa Septemba naacha robo tangi, nikirudi namwita shemeji aje na dumu la mafuta ya msimu tulichanganye kabla sijagusa ufunguo. Novemba iliyopita nilipita gerejini kununua filta za akiba. Fundi hakuniuliza gari gani. Alizitoa chini ya meza, akacheka tena.