Kozi ya ubodigadi: mafunzo wako vizuri sana, kwenye ajira wawe wakweli

Kama unautaka ubodigadi kwa ajili ya suti nyeusi na miwani basi hii kozi utaichoka mapema, maana sehemu kubwa ni kupanga, kukagua na kuandika ripoti, na mimi hicho ndo nilichokipenda kuliko vyote. Mkufunzi wetu mkuu kaifanya hii kazi miaka mingi na msimamo wake ni mmoja, bodigadi ukifika hatua ya kurushiana ngumi ujue kuna kazi ya mapema haikufanyika.

Zoezi la kukagua hoteli kabla bosi hajafika lilikuwa moto. Unaangalia gari litapaki limeelekea wapi, lifti inachukua muda gani, mlango wa jikoni unatokea wapi, hospitali yenye huduma ya dharura iko umbali gani na njia ya pili ikiwa ya kwanza imefungwa. Mwenzetu mmoja alileta mchoro msafi kabisa, akaulizwa swali moja tu, funguo za mlango wa nyuma usiku anakaa nazo nani? Kimya. Akarudishwa akaulize.

Halafu wakatuchambulia lile tukio la Rais Reagan wa Marekani kupigwa risasi pale Washington, tarehe 30 Machi 1981. Risasi 6 ndani ya kama sekunde 2 hivi. Mlinzi wake Tim McCarthy akajitanua akapokea risasi mwilini mwake, mlinzi mwenzake Jerry Parr akamsukumia rais ndani ya gari, yaani kazi yao wao ilikuwa kumkinga na kumtoa pale, siyo kurudisha risasi. Ndani ya gari Parr akaona damu yenye povu mdomoni mwa rais, akahisi mapafu yameguswa, akaamuru gari lisiende Ikulu liende hospitali. Mi hapo ndo nikaelewa kwa nini huduma ya kwanza wameipa muda mwingi hivyo, tumefunga mkanda wa kuzuia damu mpaka gizani, kwa mkono mmoja, huku mtu anakupigia kelele sikioni.

Kingine nilichopenda, wadada darasani hawakuchukuliwa kama wasindikizaji. Na kwa kweli kwenye kuona mtu anayezubaa sehemu isiyomhusu walituzidi, wateja wenye familia wanawatafuta sana walinzi wa kike.

Sasa kasoro. Udereva wamepitia juu juu mno, kwa kazi ambayo muda mwingi unakuwa kwenye gari au karibu na gari hiyo haikubaliki, waongeze siku kamili na nyingine ya usiku. Na lile tangazo lao la "tunakuunganisha na ajira" walirekebishe, tulichopata ni cheti, barua na orodha ya kampuni, kuhangaika unahangaika mwenyewe. Watu wanaacha kazi zao kwa sababu ya ile sentensi jamani.

Kabla hujalipa waulize cheti chao kinatambuliwa na mamlaka inayotoa leseni huko unakotaka kufanya kazi. Uingereza kwa mfano kampuni ya ulinzi haiwezi kukupa kazi ya ulinzi wa karibu, yaani ubodigadi, bila leseni ya SIA, mamlaka ya huko inayosimamia ulinzi binafsi, na hiyo leseni inadai mafunzo yanayotambulika pamoja na huduma ya kwanza, cheti chochote tu hakikusaidii.

Nawapa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja waifuate kwenye udereva.