Laptopu safi, ila huyo fundi wa "kibodi imekufa" amenichefua

Kama kuna mtu anataka kupeleka laptopu ikawekwe Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, badala ya Windows) dukani, asome hii kwanza, mi hasira bado haijaisha.

Miezi kadhaa nyuma nilipeleka laptopu yangu ya zamani, nikawaambia RAM ndogo niwekeeni kitu chepesi, kazi zangu karibu zote ni terminali (dirisha la kuandika amri), naingia seva za ofisi kwa ssh, yaani kwa mbali. Wakaweka SSD (diski ya kasi) na i3, programu nyepesi ya kupanga madirisha kwa kibodi. Inawaka fasta, hilo siwanyimi.

Sasa kaa kazini. Naandika amri ndefu, nataka kuruka neno kwenda mbele, nabonyeza Alt+F, dirisha linajaa skrini nzima. Nataka kufuta neno, Alt+D, juu inatokea dmenu (kisanduku cha kufungulia programu) na kila ninachoandika kinaingia humo badala ya kwenye seva. Lakini Alt+B ya kurudi nyuma inafanya kazi vizuri tu! Nikiwa kwenye nano (programu ya kuhariri maandishi), Alt+U inatengua kama kawaida, Alt+E ya kurudisha inanigeuzia mpangilio wa madirisha. Nusu inakubali nusu inagoma, na hapo mtu anayeijua i3 haulizi mara mbili: ikiwashwa mara ya kwanza inauliza kitufe kikuu kiwe Alt au kile cha Windows, fundi kachagua Alt bila kuniuliza mwenye mashine, kwa hiyo kila Alt na herufi ambayo i3 imeishika inanyakuliwa kabla haijafika kwenye terminali, na zile isizozihitaji, kama B, zinapita.

Nikarudi dukani. Jamaa wa kaunta hata usoni hajaniangalia. "Dada, kibodi hiyo imekufa, mpya 80,000, na uchunguzi 10,000 unalipa kabisa." Nikalipa hiyo 10,000, nikamwambia kaka tatizo si kibodi, ngoja nikuonyeshe. Nikafungua xev, programu inayoonyesha kila kitufe kinachobonyezwa. F peke yake, KeyPress (kitufe kimebonyezwa) inaandikwa. D peke yake, KeyPress. Alt nayo hivyo hivyo. Alt+D pamoja, KeyPress ya D haitokei, inatoka FocusOut (dirisha limepokonywa kibodi) na dmenu inafunguka hapo juu. Kibodi iliyokufa inafunguaje dmenu?

Akaivuta laptopu, akafunga dmenu, akabonyeza Ctrl+S kwenye terminali, akaandika andika, kimya, hakuna hata herufi. "Umeona sasa? Si nimekwambia imekufa." Yaani fundi wa Linux! Ctrl+S inasimamisha maandishi ya terminali tangu enzi za teletaipu, haina uhusiano na i3 wala na kibodi. Nikabonyeza Ctrl+Q na vyote alivyoandika vikamwagika kwenye skrini mbele yake na mbele ya wateja waliokuwa wanasubiri. Badala ya kusema samahani dada, akaniuliza, "Kwani wewe mwanamke hizo terminali unazitakia nini?"

Sikumjibu. Nikafungua faili la mipangilio ya i3, ~/.config/i3/config, pale pale kaunta, ule mstari wa `set $mod Mod1` (Mod1 ni Alt) nikaugeuza `set $mod Mod4` (kitufe cha Windows), nikahifadhi, Alt+Shift+C isome upya, basi. Alt+F ikaruka neno, Alt+D ikafuta neno, na i3 ikahamia kwenye kitufe cha Windows ambacho terminali haina shida nacho. Kwa ile Ctrl+S niliongeza `stty -ixon`, amri ya kuzima huko kusimamisha, kwenye .bashrc (faili la mipangilio ya terminali) nilipofika nyumbani. Herufi moja tu imebadilika, 1 ikawa 4, na mtu alitaka 80,000!

Niwe mkweli, i3 yenyewe nimeipenda mno, naruka dirisha hadi dirisha bila kugusa mausi, na RAM ile ile ndogo inatosha. SSD waliifunga vizuri, bei ya kazi ya kwanza ilikuwa ya haki, na yule kijana mwingine wa nyuma aliyeifungua mashine ana adabu zake. Ukiwa mtu wa kuperuzi na kuandika barua hutaona tatizo lolote, nenda tu, ila waambie mapema waache Alt. Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa hiyo SSD.

Lakini nikikumbuka lile swali la "wewe mwanamke" mkono unagoma. Nawapa moja. Na ile 10,000 ya uchunguzi, uchunguzi nilioufanya mimi mwenyewe kwenye kaunta yao, mpaka leo hawajanirudishia.