Hita ya maji na umeme wa usiku Uingereza: kipi ununue kwanza, kipi uache dukani

Ukihamia flati ya zamani Uingereza isiyo na gesi, huenda ukafungua kabati na kukuta tangi la shaba la lita 120 au 210, limevikwa povu, na ndani yake koili ya kilowati 3. Aliyezoea instanti ya bafuni ya Dar au Nairobi, inayopasha maji yakiwa yanapita, huliacha likiwaka mchana kutwa. Bili ikija, anakimbilia kutafuta taima mtandaoni.

Usinunue kitu kabla hujaangalia mita. Kifaa kinachomfaa jirani chaweza kisikufae wewe hata kama matangi yenu yametoka kiwanda kimoja.

Mpango wa Economy 7 ulianza mwaka 1978. Kwa saa saba za usiku umeme unauzwa bei ya chini, na saa zilizobaki unauzwa kwa bei ambayo mara nyingi inaipita hata ile ya mteja wa kawaida. Lakini mita zake ziko za namna mbili. Kwenye namna ya kwanza, muda wa usiku ukifika nyumba nzima inaingia kwenye bei nafuu. Nyaya ni zilezile, inabadilika hesabu tu. Kwenye namna ya pili, mita hutoa waya wa ziada wenye moto, yaani umeme, usiku pekee, na waya huo huenda kwenye boksi lake la breka. Ukiona maboksi mawili ukutani, chunguza kwanza hapo.

Sasa hesabu kidogo, maana ndiyo inayopanga orodha hii. Lita 210 za maji kutoka nyuzi 10 hadi 60 zinakula uniti 12 na kidogo. Koili ya kilowati 3 huimaliza kazi hiyo kwa saa nne hivi, kwa hiyo usiku mmoja unatosha na muda unabaki. Maji ya moto hukaa juu, ya baridi hukaa chini. Koili iliyo chini ya tangi hupasha tangi zima. Iliyo juu hupasha sehemu ya juu tu, maji ya kuogea mtu mmoja au wawili. Ya chini basi ni ya usiku, na ya juu ni ya dharura ya mchana.

Nafasi ya kwanza: koili mbili na kidhibiti cha Economy 7

Kwa mwenye mita ya namna ya kwanza, sioni cha kushindana na hiki. Ni boksi dogo lenye saa ndani, linalopokea umeme mmoja na kuugawa: usiku linawasha koili ya chini, mchana ukibonyeza kitufe linawasha ya juu kwa muda mfupi kisha linazima lenyewe. Kule kuzima lenyewe ndiko unakolipia. Jina linalojulikana zaidi ni Horstmann, ambalo siku hizi linauzwa chini ya Secure.

Angalia saa yake inavyopangwa. Mita nyingi za zamani hazifuati saa ya kiangazi, ambapo Uingereza husogeza saa mbele kwa saa moja mwezi Machi na kuirudisha Oktoba. Kama bei nafuu ni kuanzia saa 6:30 usiku hadi saa 1:30 asubuhi wakati wa baridi (kwenye kidhibiti utaandika 00:30 na 07:30), kiangazi inasogea hadi saa 7:30 usiku na kuisha saa 2:30 asubuhi kwa saa ya ukutani. Ukisogeza saa ya kidhibiti mwezi Machi ilhali mita haijasogea, saa nzima ya kwanza unainunua kwa bei ya mchana, kimyakimya, mpaka Oktoba. Chagua pia chenye betri ya akiba, la sivyo umeme ukikatika saa inapotea.

Nafasi ya pili: koili mbili, umeme wa aina mbili

Hii ndiyo ya nyumba zenye maboksi mawili ya breka. Koili ya chini inatoka boksi la usiku, ya juu inatoka boksi la saa 24. Ikifungwa vizuri haihitaji saa yoyote kwa koili ya chini, kwani mita yenyewe ndiyo inayowasha. Utanunua swichi mbili za ampea 20 zinazokata moto na nyutro kwa pamoja, na taima ya kubonyeza kwa ajili ya koili ya juu. Kila upande uwe na breka yake ya ampea 16, waya wake wa milimita za mraba 2.5 na nyutro yake. Nyutro ya usiku ikiunganishwa na ya mchana, kifaa cha kukinga mtu na shoti kitakuwa kinaruka, na kuna hatari mbaya zaidi ya hiyo.

Nimeiweka ya pili kwa sababu ya jambo moja linalonitisha. Mchana, upande wa usiku hauna moto. Mtu anapima kwa testa, taa haiwaki, anaamini pamekufa, anaacha nyaya wazi ili amalizie kesho. Usiku wa manane mita inawasha. Na hata aliyezima swichi moja bado hajazima tangi, maana chini ya mfuniko mmoja wa hita panaweza kuwa na umeme wa njia mbili. Dai kibandiko cha onyo kwenye swichi zote mbili. Ni cha bei ya peremende.

Jingine ni kwamba nyingi ya mita hizi zilikuwa zinaamrishwa kwa redio, kupitia mawimbi marefu ya BBC yanayorushwa kutoka Droitwich. Kuzimwa kwa huduma hiyo kulipangwa kuanza katikati ya mwaka 2025, na mita janja (smart meter) zikawekwa mahali pake. Kabla fundi wa kampuni hajaja, waambie una waya wa tano, yaani ule wa ziada wa usiku. Akileta mita ya kawaida, koili ya chini inaweza kubaki bila moto kabisa, au kuwaka mchana na usiku.

Nafasi ya tatu: koili mbili kwenye mfuniko mmoja

Baadhi ya matangi yana tundu moja tu, juu. Kwa hayo kuna hita ya kushuka wima yenye koili mbili, ndefu na fupi: ndefu ya usiku, fupi ya mchana. Inafanya kazi. Ila ndefu isipofika karibu na sakafu ya tangi, maji yaliyo chini yake hayapati moto, kwa hiyo pima kimo cha tangi kabla ya kuagiza.

Nafasi ya nne: kigeuza umeme wa jua

Kama una paneli za jua paani, vifaa kama Eddi ya myenergi hupeleka kwenye tangi umeme unaozidi badala ya kuuachia gridi. Ni vizuri sana, na ni mamia ya pauni. Bila paneli, pita.

Ya mwisho: koili moja na swichi ya kubadilisha kwa mkono

Unageuza mwenyewe kati ya usiku na mchana. Bei ni ndogo, na kila kitu kinategemea mtu akumbuke kurudisha. Katika nyumba yenye watoto, hakuna anayekumbuka.

Kuhusu koili yenyewe: birika lako likiota magamba meupe, kama ilivyo London na kusini mashariki, nunua ya Incoloy (aloi ya nikeli, chuma na kromiamu), kwa kuwa ya shaba italiwa na chokaa mapema. Scotland na kwingine kwenye maji laini, ya shaba inatosha. Thamostati iwe ya aina mpya yenye kikata moto cha pili. Za zamani zikikwama, maji huchemka bila kukoma. Iweke nyuzi 60, chini ya hapo bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wanapata nafasi. Waya wa kuingia kwenye hita uwe ule unaostahimili joto, na usikubali plagi ya ampea 13 hata ukiambiwa ni ya muda. Tangi likiwa na koti jembamba au halina kabisa, koti la milimita 80 litakulipa kuliko taima yoyote.

Kufunga ni kazi ya fundi aliyesajiliwa na NICEIC au NAPIT, mashirika yanayosajili mafundi umeme, na tangi la presha linahitaji mwenye cheti cha G3. Kwa mpangaji wa England, hita ya maji ni ya mwenye nyumba kuitengeneza, kwa kifungu cha 11 cha sheria ya wenye nyumba na wapangaji (Landlord and Tenant Act) ya mwaka 1985. Mwandikie barua pepe, usimpigie simu.