TAHADHARI: Lenzi used za potreti na makro Dar, kuna jamaa anauza mbovu, soma kabla hujatuma hela

Wakuu habari zenu. Naandika hii bado nina uchungu wa hela yangu ila nimeona nikikaa kimya kuna mwingine atapigwa wiki ijayo kwa staili ileile, kwa hiyo naombeni mnisome mpaka mwisho, hasa nyie mnaotafuta lenzi moja ya kufanyia potreti (picha za sura) na makro (vitu vidogo kwa karibu sana) kwa pamoja, maana ndio watu anaowawinda huyu jamaa.

Mimi ni mpiga picha hapa Dar, kazi zangu ni harusi, send-off, kitchen party, na Jumapili nikipata upenyo napanda Pugu kule msituni kupiga wadudu na vinyonga. Bodi yangu ni Canon 6D. Miaka yote nilikuwa na 50mm f/1.8, sura inatoa vizuri tu, lakini ukija kwenye pete ya bibi harusi inakaa katikati ya picha kama punje ya mchele. Ndio nikaanza kujikusanya ninunue Canon 100mm f/2.8L Macro, ile iliyotoka 2009 yenye stabilaiza, yaani kituliza mtikisiko wa mkono; L ni lenzi za daraja la juu za Canon zenye utepe mwekundu. Wanaoijua watanielewa, ile ni lenzi ya kazi mbili kweli. Mteja anakaa mbele yako sura inatoka na maumbile yake bila kuvutwa pua, halafu ukishuka mpaka sentimita 30 kutoka kwenye sensa inakupa ukubwa wa moja kwa moja (1:1), yaani mdudu wa milimita 20 anaingia kwenye sensa akiwa na milimita zake 20. Mpya sikuiweza, nikasema nitafute used.

Jamaa nilimuona Instagram. Akaunti ina picha nyingi za vifaa, bei yake 950,000, na mimi nilikuwa nimeshatajiwa milioni 1.2 na 1.3 na watu wengine. Angesema laki nne ningemkimbia, ila hiyo ya kwake ilikaa kama bei ya mtu mwenye shida ya haraka. Akanitumia picha za majaribio kama kumi hivi, zote kali, zote za sura. Hilo la kwamba zote ni sura sikulitilia maanani, leo ndio naliona.

Tukakutana mgahawani Sinza saa moja usiku, muda alichagua yeye. Nilienda na kamera yangu, lenzi kwa macho ilikuwa safi, haina michubuko, kofia yake ipo, boksi lipo. Akaivisha mwenyewe, akachukua kamera mkononi mwangu akasema ngoja nikuwekee setting mkuu, akaweka f/2.8, yaani apecha (tundu la kupitisha mwanga) wazi kabisa, akampiga picha mhudumu aliyekuwa amesimama karibu na taa. Nikaizumu ile picha mpaka kwenye jicho, kope zinahesabika, nyuma taa zimeyeyuka kabisa, moyo wangu ukawa umeshalipa. Nikamwambia sasa nijaribu makro nikavua pete yangu nikaiweka mezani, akanizuia, akasema hapa giza mkuu makro inataka mwanga, hiyo utajaribu kesho nyumbani kwa nafasi, mimi nina safari ya Moro usiku huuhuu. Nikaingiza namba, kabla sijaweka PIN likatokea jina la mwanamke, nikamuuliza, akasema ni laini ya wife maana yake imefika limiti ya siku. Nikabonyeza.

Jumamosi yake nikawa na kazi ya hina Temeke. Bibi harusi kanyoosha mkono, hina bado mbichi, mchoro wa vidoleni ni mwembamba kama uzi, nikasogea nikaweka f/11, maana namba ikiwa kubwa ndio tundu linabanwa. Kwa wasiofanya makro niwaambie kwa nini f/11: ukiwa karibu kiasi kile, kwa f/2.8 sehemu inayokaa kwenye fokasi haifiki hata nusu milimita, ukifokasi ukingo wa kucha mchoro wote wa hina unakuwa ukungu. Kwa f/11 unapata kama milimita moja na ushee, ndio angalau unaweza kufanya kazi. Kwa hiyo makro bila kubana apecha haifanyiki.

Nikabonyeza shata. Kamera ikakaa kimya, kioo cha juu kikaandika Err 01. Nikatoa betri nikarudisha, nikabonyeza, Err 01. Nikavua lenzi nikafuta zile kontakti za dhahabu kwa kitambaa, nikarudisha, Err 01. Nikaweka f/2.8 ikapiga. Nikaweka f/4, Err. Mikono ya yule dada imening'inia hewani hawezi kuishusha hina isije ikafutika, shangazi zake wamenizunguka wananiangalia, na mimi jasho linanidondoka kwenye kamera. Kazi nikaimalizia na 50mm, picha za vidole ambazo ndizo walizoniitia hazikutoka kama nilivyoahidi, ikabidi niwapunguzie bei na kuomba radhi kwa mama mzazi.

Jumatatu nikaipeleka kwa fundi Kariakoo. Kabla hata hajaifungua akanionyesha skrubu za pale lenzi inaposhikana na kamera, vichwa vimechunika, maana yake kuna mtu ameshaingia humo na bisibisi isiyo yake. Kufungua, ule waya bapa unaopeleka umeme kwenye apecha umepasuka, na pamepakwa gundi. Akanielezea vizuri: lenzi za Canon EF zikiwa zimetulia zile blade za ndani zinazobana apecha zinakaa wazi kabisa, kwa hiyo ukiwa f/2.8 kamera haiziamrishi chochote na picha inatoka kama kawaida, siku ukibana tu ndio amri haifiki na kamera inagoma. Sasa rudini pale Sinza. Nani alishika kamera, nani aliweka f/2.8, nani alinikataza nisipige pete. Huyu mtu alikuwa anajua tatizo liko wapi, anauza lenzi ya makro iliyokufa makro kwa kuionyesha kama lenzi ya potreti. Hiyo sio bahati mbaya.

Na sio hilo tu. Fundi akamulika tochi kwa nyuma, pembeni ya kioo cha ndani kuna fangasi, nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Sisi wa pwani na joto hili na unyevu huu hilo gonjwa tunalijua, na lenzi ya namna hiyo ukiiangalia kwa mbele kwenye taa ya mgahawa huioni.

Nilipompigia alianza na upole, oh mkuu itakuwa kontakti, kesho yake akageuka akasema umeiangusha mwenyewe unataka kunisingizia, halafu block, simu na WhatsApp. Nikaangalia zile picha alizoniwekea kwenye tangazo, namba ya serial inayoonekana pale sio iliyopo kwenye lenzi niliyonayo. Yaani picha za lenzi nzima, mzigo wa lenzi nyingine. Hilo ningelijua kwa nusu dakika tu pale mezani kama ningezilinganisha.

Nilipoongea na wenzangu wa kazi nikaletewa watu wawili zaidi. Mmoja wa hapahapa Dar, maneno yaleyale kabisa, "makro utajaribu kesho", na safari ya Moro ileile. Mwingine yuko Tanga, yeye alitumiwa mzigo kwa basi baada ya kulipa yote, akapokea ile 100mm ya zamani isiyokuwa L wala stabilaiza, imezungushiwa utepe mwekundu ili ifanane na L. Ile ya zamani sio lenzi mbaya jamani, inafika moja kwa moja vilevile na potreti inatoa, lakini bei yake iko chini sana na mtu anatakiwa ajue anachonunua. Kuzitofautisha ni rahisi: L inakula filta ya 67mm, ya zamani 58mm, na L ina swichi ya stabilaiza ubavuni. Ingia na filta yako mfukoni umemaliza ubishi.

Kwa hiyo mkienda kununua lenzi ya aina hii, ya Canon au Nikon au Tamron, kutaneni mchana, kamera ishike mwenyewe. Piga sura kwa apecha iliyo wazi, halafu isogeze mpaka mwisho wa karibu kabisa upige noti au pete kwa f/8, f/11, f/16, kila moja mara tatu nne. Kwenye Canon nyingi kuna kitufe kile cha kukagua kina cha fokasi, weka f/16 ukibonyeze huku unaangalia kwa mbele ya lenzi, utaona blade zinafunga, zifunge fasta na ziwe kavu, ukiona mafuta yanang'aa juu yake achana nayo. Mulika tochi ya simu kwa nyuma. Angalia skrubu. Ile 100L ukiitikisa ikiwa haijawashwa inagonga kidogo ndani, hiyo ni stabilaiza na ni kawaida, msimuonee muuzaji kwa hilo. Na msidanganyike na neno MACRO lililoandikwa kwenye mazumu ya bei nafuu, nyingi zinaishia nusu au robo ya ukubwa halisi, hata ile Canon 50mm f/2.5 Compact Macro yenyewe inaishia nusu. Nimeshaona watu wanauziwa 70-300 kwa jina hilo wakidhani watapiga jicho la nzi.

Jina la mtu wa kupokea hela likiwa sio la unayeongea naye, usibonyeze. Hata akikupa simu uongee na huyo wife.

Jina lake siweki hapa kwa sababu nimeshafungua RB polisi na ameshabadilisha jina la akaunti mara mbili tangu nianze kumfuatilia, ukilishika la leo kesho halipo. Namba yake ya simu nimeiripoti 15040, ile ya kuripoti matapeli. Mshikeni kwa tabia: bei ya chini kidogo ya soko, picha za sura tupu, saa moja usiku, anaweka setting yeye, ana safari ya Moro, laini ya wife.

Kama na wewe umepita kwenye mikono yake, njoo inbox na skrinshoti za muamala, meseji, na picha ya serial ya lenzi uliyopewa. Tuko watatu mpaka sasa, Alhamisi asubuhi tunaenda kituoni pamoja.